Nesi wa Limi Hajafagiwa

Niliweka kigoda mlangoni kwa shemeji yangu Limi, nikaegemeza mgongo kwenye mlango na miguu nikainyoosha mbele. Aliyetaka kuingia ilibidi anivuke, na mimi sijawahi kuvukwa na mtu wa serikali.

"Lugwisha!" Limi aliniita kutoka ndani. "Bado umekaa hapo kama gunia la mkaa?"

"Nakulinda."

"Unanilinda na nini? Na dawa zangu? Kidonge cha asubuhi mpaka sasa Nesi hajakitoa. Anazungusha taa tu."

"Atakitoa."

"Atakitoa nimeshazikwa. Kwa mama Shija pale, Nesi anatoa dawa kabla hata hajamaliza kuomba. Ukiuliza, wanakwambia: tumefagiwa. Mtaa mzima umefagiwa, nimebaki mimi tu kama jino bovu. Waache wamfagie, mwanaume wewe!"

Sikumjibu. Limi ni mdogo wa marehemu mke wangu. Ana moyo mbovu, ana mdomo mzima. Ukimjibu anapata nguvu.

Nesi wake alikuwa juu ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Ni mashine ya duara, nyeupe, kubwa kama sinia la pilau, ina jicho moja la taa na droo ndogo ya kutolea dawa. Wodi za hapa kwetu zilipofungwa tukaambiwa kila nyumba italetewa Nesi wake. Tukaambiwa pia tutapewa vikuku vya mkononi vya kupima mapigo ya moyo. Nesi walikuja. Vikuku viliishia kwenye mikono ya waliotuahidi.

Kwa hiyo Nesi wetu hapimi kitu. Anauliza. Anakuamkia, unamjibu, na kama hali yako mbaya anamwita Kipanga, ile ndege ya wagonjwa isiyo na rubani. Zamani mtu yeyote aliweza kumwita Kipanga. Wengine wakamwita kwa mafua, wengine wakamwita ili kumkomoa jirani, atue juu ya bustani yake ya mchicha. Wakubwa wakakasirika, wakafunga njia zote. Siku hizi Kipanga anatumwa na Nesi peke yake, na Nesi anamsikiliza mgonjwa aliyeandikishwa peke yake, kwa sauti yake mwenyewe. Mimi naweza kulia chini ya Nesi wa Limi mpaka nipasuke. Kwake mimi ni kelele za nyumbani, kama kuku.

Nisikilize sasa kuhusu hilo Fagio, maana watu wananiona mwehu.

Nesi anatunza kila alichowahi kusikia. Akikaa miaka ndani ya nyumba anajaa, anakuwa mzito, swali moja linamchukua muda wa kuchemsha maji. Ndipo Mamlaka ya Nesi wakaleta programu ya kumsafisha, wakaiita Fagio. Fagio linaingia ndani ya mashine, linatafuta vitu vilivyojirudia, linaviita taka, linavitupa. Na kweli mashine inakuwa nyepesi. Hapo sibishi, nimeona kwa macho yangu.

Sasa jiulize, katika nyumba ya watu wetu, ni kitu gani kinachojirudia kuliko vyote?

Mke wangu Nkwimba alikuwa na Nesi wake, kabla ya Fagio. Kila asubuhi nilikuwa nawasikia.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za kuamka?"

"Njema tu, mwanangu."

"Na huo mguu?"

"Mguu haujambo," Nkwimba anasema, kisha ananyamaza, kisha, "ila usiku umeniwakia moto, sijalala."

Hapo ndipo Nesi anafungua droo. Hakuna mhandisi aliyemfundisha kungoja hivyo. Alijifunza mwenyewe humu ndani, kwa kuzisikia salamu zetu tena na tena, kwamba mtu aliyelelewa vizuri hatoi ugonjwa kwenye neno la kwanza. La kwanza ni la heshima. La pili ni la kuzoeana. Ukweli uko nyuma huko, unakuja umejifunika.

Fagio likapita. Likaona nzuri, nzuri, nzuri, njema, nzuri. Likasema taka.

Kesho yake nilikuwa nje napasua kuni. Nikasikia, "Habari za asubuhi?" Nikasikia Nkwimba anasema, "Nzuri." Nikasikia Nesi anasema, "Asante." Basi. Sikusikia kingine. Nilipoingia nilimkuta ameegemea ukuta chini ya mashine, mkono kifuani, kama mtu anayengoja zamu yake.

Nilikwenda Mamlaka. Kijana mmoja aliyekaa na kiyoyozi nyuma yake akanigeuzia kioo nisome. Mgonjwa alijibu: nzuri. Huduma ilikamilika. Yaani mke wangu kwa maandishi yao kafa akiwa mzima.

*

"Hodi hapa!"

Alikuwa msichana mwembamba, buti za vumbi, koti la Mamlaka, kishikwambi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Shikamoo, baba."

Nikanyamaza. Akanyamaza na yeye, ananingoja. Marahaba ni kitu kibaya sana. Inakutoka kooni hata kama mbele yako amesimama adui.

"Marahaba," nikasema. "Sasa geuka urudi."

"Naitwa Eliwaza."

"Sikukuuliza. Kwenu wapi?"

"Upareni."

"Mpare! Basi usijisumbue kuingia, nenda moja kwa moja mahakamani ukanishtaki, ndiyo kazi yenu."

Akacheka. Sikupenda alivyocheka, maana alicheka vizuri. "Nitakushtaki nikishakunywa maji, baba. Jua kali."

Limi akasikia. "Nani huyo? Mgeni? Lugwisha, umemsimamisha mgeni juani? Toa miguu yako hiyo! Karibu mwanangu, karibu ndani, usimjali, huyo tangu afiwe hana adabu."

Ningefanyaje? Nyumba si yangu. Nilitoa miguu. Eliwaza akapita, akakaa kwenye mkeka, Limi akaanza kumsalimia: za huko, za nyumbani kwenu, wazazi hawajambo, mvua zimenyesha. Msichana anajibu zote, hata moja hakuiruka. Kisha Limi akaingia jikoni kuchemsha chai, na mimi nikasimama chini ya Nesi, mikono nimekunja.

"Humgusi," nikamwambia.

"Nimesoma habari za mama Nkwimba," Eliwaza akasema kwa sauti ya chini. "Pole, baba. Fagio linakosea. Najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi.

"Kama unajua, mbona unatembea nalo?"

"Niliwaandikia. Wakanijibu kwamba salamu si dalili ya ugonjwa." Akafuta vumbi kwenye kioo chake kwa kidole. "Lakini nikwambie na upande wa pili. Kule mtaa wa Bomani kuna mzee alianguka bafuni. Nesi wake hakuwa amefagiwa, mkwe wake alikataa kama unavyokataa wewe. Mzee alisema wazi kabisa, naumwa, nakufa. Nesi alikuwa amejaa mno, akakwama. Mimi ndiye niliyekwenda kufungua mlango. Nilikuta mzee ameshapoa na taa bado inazunguka, inawaza."

"Uongo."

"Natamani ungekuwa uongo."

"Kwa hiyo Fagio lina faida au halina? Nijibu kama mtu, usinijibu kama koti."

"Nesi akifagiwa anakuwa mwepesi na kiziwi. Asipofagiwa anakuwa msikivu na mzito. Vyote viwili vimezika watu. Mimi nikifika nyumba yoyote naangalia kipi kitaua mapema."

"Na kuchagua? Mtu achague, hii tupa, hii acha?"

"Palikuwa na sehemu ya kuchagua. Toleo hili jipya wameifunga. Walisema wananchi watachagua vibaya."

"Umeona! Umeona wakubwa wako! Wao wanaamkiwa na daktari mwenye miguu miwili, halafu sisi..."

"Baba, mashine hii si yako."

Jikoni vikombe viliacha kugongana. Limi akatokea mlangoni na kitambaa mkononi. Uso wake ulikuwa umefifia, nikadhani ni moshi.

"Msichana amesema kweli," akasema. "Ni Nesi wangu. Moyo ni wangu. Na mimi nataka afagiwe."

"Hujui unachosema."

"Najua kuliko wewe. Nakaa na huyu Nesi mchana na usiku, naomba dawa kama naomba mvua. Aliyekufa ni dada yangu, Lugwisha. Mimi sijafa. Wewe umeniwekea matanga na bado napumua."

Niliumia. Nikamjibu neno baya, sitaliandika. Limi akageuka kurudi jikoni, akiniambia huku amenipa mgongo, "Chai ya mgeni inapoa kwa ajili ya domo lako."

Ndipo tukasikia sinia limeanguka.

*

Alikuwa amekaa sakafuni, miguu imekunjwa upande mmoja kama wanawake wanavyokaa msibani, vipande vya kikombe vimemzunguka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye khanga. Tulimshika, tukamleta mpaka chini ya Nesi, nikamwegemeza ukutani, kisha nikaona nimemwegemeza vilevile, mkao uleule wa Nkwimba.

Nesi aliona tumekaribia. Jicho likawaka.

"Habari za mchana, mama Limi?"

"Nzuri," Limi akasema.

"Limi!"

"Nzuri, mwanangu," akamwambia Nesi, na kwetu akapunga mkono mmoja. "Kichomi tu. Kinapita. Mgeni hajanywa chai."

Taa ikaanza kuzunguka. Ilizunguka polepole kama ng'ombe wa kisimani.

"Za..." Nesi akasema. Ikazunguka. "Za..."

Eliwaza alikuwa ameshaunganisha kishikwambi. "Inatafuta salamu zake zote za nyuma, inalinganisha hii nzuri na zile nyingine. Imeshatambua kuna kitu. Sauti yake imebadilika, imetambua, ila nafasi imekwisha ndani."

"Atauliza tena?"

"Akifika."

"Atafika?"

Akainamia kioo chake.

"Anakufa!" nikaipigia mashine kelele. Nikaigonga kwa ngumi. "Anakufa, mwite Kipanga, wewe sinia!" Taa ikazunguka. Mimi ni kuku.

"Za kazi?" Nesi akauliza mwishoni, kwa upole kabisa.

"Salama," Limi akasema. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Mama, mwambie unaumwa," Eliwaza akamsihi. "Sema naumwa, neno moja tu."

"Nitamwambia," Limi akasema. "Akiniuliza."

Na kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Hujaulizwa vizuri, tena mbele ya mgeni, utaanzaje kumwaga maradhi yako? Nilitaka kumtikisa. Nilitaka pia kulia, maana Nkwimba angesema hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo; mama yao aliwalea kwa fimbo moja.

Taa inazunguka. Nilihesabu pumzi za Limi, nikaacha, maana zilikuwa zinachelewa kuliko taa.

Eliwaza alikuwa ananitazama. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, hakijagusa.

"Yeye ameshasema anataka," akanong'ona. "Lakini sitaki tukamatane mikono hapa wakati yeye anaondoka. Sogea, baba."

Nilikuwa nimesimama kati yake na Nesi. Sijui nilifika pale saa ngapi. Ningekaa pale, nani angenilaumu? Ningesema Mamlaka, ningesema mashine, ningesema wakubwa na viyoyozi vyao, na yote yangekuwa kweli, na Limi angekuwa chini ya udongo kando ya dada yake.

"Fagia," nikasema, nikasogea.

"Nikifagia, neno la kwanza ndilo linaloandikwa. Akisema nzuri, Nesi anafunga mpaka jioni, hata mimi simfungui. Asipojibu kitu, atauliza mara chache kisha atafunga vilevile."

"Nimesema fagia!"

Akagusa. Mashine ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayepiga mswaki. Ile taa iliyokuwa inazunguka ikasimama, ikawa nyeupe, kali, safi.

"Taka zimeondolewa," Nesi akasema. Sauti ilikuwa ileile, lakini haikuwa na mtu ndani. Halafu papo hapo, bila kuvuta pumzi: "Habari?"

Limi akainua uso. Hata katika hali ile aliinua uso, akajiweka sawa kwa salamu. Niliona midomo inafunguka. Niliona ulimi unakwenda kugusa meno ya juu, na najua ni neno gani linaloanzia pale.

Nikamziba mdomo.

Tangu nimuoe dada yake sijawahi kumgusa Limi hata bega. Kwetu shemeji unamtania kwa maneno, mikono unaificha. Nilimziba kwa kiganja kizima, kichwa chake kikagonga ukuta. Eliwaza akapiga yowe.

"Habari?" Nesi akauliza.

"Usiseme hilo neno!" nikamwambia Limi usoni. "Hilo limemuua dada yako! Unamwogopa mgeni? Mgeni gani, huyu Mpare? Chai yako yenyewe maji ya kunawia! Limi mvivu, Limi mchoyo, unakufa na bado unajipodoa kwa mashine! Sema kweli mara moja katika maisha yako, mwanamke mwongo!"

Macho yake yalinitazama juu ya mkono wangu. Kwanza hayakuelewa. Kisha yakakasirika. Sijawahi kufurahi kiasi kile kuona mtu amekasirika.

"Sijasikia. Habari?" Nesi akasema.

"Hii ya mwisho," Eliwaza akasema. "Baba, hii ya mwisho, mwachie!"

Limi akaning'ata. Aliuma mpaka mfupa. Nikautoa mkono, naye akavuta hewa yote iliyokuwa imebaki katika nyumba ile, akapaza:

"Lugwisha unaniua! Moyo wangu! Unaniua!"

"Nimekusikia," Nesi akasema hapohapo. "Kipanga anakuja. Askari wanakuja. Asante."

*

Kipanga alitua uani, akapeperusha nguo za mama Shija mpaka kwenye paa la msikiti. Hana daktari ndani, ana kitanda na mikono ya chuma. Eliwaza alijua namna ya kumfunga mgonjwa mikanda, mimi nilishika miguu. Mfuniko ulipokuwa unashuka Limi aligeuza kichwa, akamtafuta msichana kwa macho.

"Chai nyingine iko kwenye chupa," akasema. "Mimina."

Wakaondoka. Vumbi likatulia. Mimi na Eliwaza tulibaki tumesimama uani kama watu walioshushwa kituo wasichokijua. Sikunywa chai. Yeye alimimina, akakishika kikombe kwa mikono miwili, macho kwenye kishikwambi. Baada ya kitambo akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mstari wa kijani unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

"Wamempokea hospitali," akasema. "Moyo unapiga."

Nilikaa kwenye kigoda. Kiganja kilikuwa kinatoa damu na sikukifunga.

Askari walikuja wawili, kwa miguu, maana gari lao linasubiri kibali cha mafuta. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, ana kitambi na sura ya uchovu, na kifaa chake kilikuwa na sauti ya Limi ndani. Alikibonyeza, tukamsikia tena pale uani. Lugwisha unaniua.

"Lugwisha ndiye nani?"

"Ni mimi."

Akautazama mkono wangu, meno yalivyojipanga. Akamgeukia Eliwaza. "Na wewe, fundi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

Nikamtazama. Alikuwa na njia nyepesi ya kupita. Angesema sikuona, nilikuwa nimeinama kwenye kifaa, na angerudi Mamlaka na koti lake. Akiueleza ukweli, itabidi aeleze pia Nesi aliyefagiwa hasikii nini, mbele ya askari, kwenye kifaa kinachorekodi. Mamlaka hawasamehe hilo.

"Alimziba mdomo mgonjwa," Eliwaza akasema. "Kwa nguvu."

Yule askari mdogo akanisogelea.

"Na aliponiambia nifagie, nilifagia," akaendelea. "Hilo nalo liandike. Andika jina langu, Eliwaza Mbwambo. Andika kwamba Nesi alikuwa ametoka kufagiwa. Halafu muulize kwa nini alimziba."

Askari mkubwa alishusha pumzi, akakipekua kifaa chake kwa kidole. "Sababu. Humu kuna hasira, ulevi, wivu, mali. Ipi, mzee?"

"Haimo humo."

"Lazima imo. Ulimziba mdomo asiombe msaada. Kwa nini?"

"Hakuwa anaomba msaada, afande," nikamwambia. "Alikuwa anataka kusema nzuri."